Kuzuia kwa Hofu: Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza "Deter"

Leo twachukua kitenzi kimoja kifupi cha Kiingereza, nacho ni "deter". Herufi zake ni tano tu, na sauti hukazwa mwishoni, karibu kama mtu asemaye "ditaa". Afunguaye kamusi hukuta mbele ya neno hilo tafsiri ya "zuia", na wengi huridhika wakalifunga kitabu. Lakini "zuia" ni mlango mpana mno. Ukuta huzuia, kamba huzuia, mto Malagarasi uliofurika huzuia, na askari aliyemshika mtu mkono huzuia. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho Mwingereza angekitajia neno "deter". Basi yafaa tuulize: huku ni kuzuia kwa namna gani, na kwa nini tujali?

Twajali kwa sababu neno hili limekaa mahali pazito. Kwa miaka mingi katika Tanzania, mahakama za mwanzo ziliendeshwa kwa Kiswahili, lakini hukumu za mahakama za wilaya na za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza chaweza kutumika pale ambapo haki yenyewe yahitaji hivyo. Basi hakimu aketiye Kasulu au Kibondo, ambaye vitabu vya kale vya mashauri vimemfundisha kwamba mkosaji apewe adhabu kali ili iwe "to deter others", hana budi kulisema jambo hilo kwa maneno ambayo mama wa mshitakiwa, aliyesimama nyuma ya chumba, atayaelewa. Miaka ya kifungo cha kijana huenda ikategemea maneno hayo machache. Haifai yatumiwe kwa mazoea tu.

Asili ya neno ni Kilatini. Limeundwa kwa vipande viwili: cha kwanza chaonyesha kuondoka au kutengwa na jambo, cha pili maana yake ni kutisha. Kutokana na kipande hicho cha pili Waingereza wamepata pia "terror", yaani hofu kuu, na "terrible", yaani jambo la kuogofya. Kwa asili, basi, "deter" ni kumtisha mtu hata ajitenge na jambo alilokuwa akilitaka. Siku hizi hofu hiyo yaweza kuwa ndogo sana, pengine ni shaka tu au kuona uzito, lakini mzizi haukupotea.

Ukiyachunguza matumizi yake utaona kwamba yataka mambo matatu yawepo pamoja. Kwanza, awepo mwenye nia au tamaa ya kutenda. Pili, awe na uwezo na hiari ya kutenda. Mkono wake usiwe umefungwa. Tatu, aghairi mwenyewe, kwa kuwa amepima yatakayompata akaona hayalingani na faida anayoitafuta. Likikosekana moja katika hayo matatu, neno "deter" halipo mahali pake.

Tutwae mfano wa shamba la mahindi katika vilima vya Kasulu. Mwenye shamba akichimba handaki lenye kina hata nguruwe mwitu asiweze kulivuka, amezuia. Hapo Mwingereza husema "prevent". Mwizi akiingia usiku, mbwa akamrukia, naye akakimbia na suruali iliyoraruka, amefukuzwa. Lakini mwizi akiwa bado njiani, akasikia mbwa akibweka, akasimama kidogo, akafikiri, kisha akashika njia yake akaenda zake, hapo ndipo mbwa "amemditaa", kama tungeweza kusema hivyo. Hakumgusa wala hakumwona. Mwenye shamba amelala, na asubuhi atahesabu mahindi yake yote asijue kwamba usiku kulikuwa na jambo. Hii ndiyo shida ya neno hili na ya kazi yake: likifanikiwa, hakuna kitu cha kuonyesha. Twaona wizi uliotendeka; ule ulioghairiwa hatuuoni. Kwa hiyo kila asemaye kwamba adhabu fulani imewazuia watu wengi asema jambo ambalo ni vigumu kulithibitisha, na yampasa aseme kwa kiasi.

Wakulima wetu wanalijua jambo lenyewe hata kama hawakulipa jina la Kiingereza. Kiswahili kina kitenzi "kuamia", yaani kulinda mazao yasiliwe na ndege. Anayeamia hupanda juu ya dungu na kutumia kelele na teo. Lengo lake si kuua kila ndege bali kumfanya ndege aone kwamba shamba hili lina taabu kuliko faida. Wengine husimamisha sanamu iliyovikwa nguo kuukuu. Siku za kwanza ndege huiogopa. Baada ya siku kadhaa huzoea, na mwishowe hutua juu ya kichwa chake. Sanamu hufundisha sharti moja kubwa la neno letu: tishio lisilotimizwa kamwe hugeuka kuwa pambo.

Pia kuna kago, yaani dawa ya kulinda shamba ambayo wazee katika sehemu nyingi waliifunga mtini ili mwizi adhurike. Hapa hatutajadili kama kago lina nguvu au halina. Kwa neno letu yatosha kusema kwamba mwizi aliyeamini aligeuka na kurudi, na asiyeamini alijaza kikapu. Nguvu ya kumzuia imo katika yale ayawazayo anayelitazama, wala haimo katika kile kifurushi. Hali kadhalika sheria: kifungo cha miaka 30 kilichoandikwa kitabuni hakimzuii mtu asiyejua kwamba kimeandikwa, wala yule aaminiye kwamba hatakamatwa.

Hata wanyama wakubwa huzuiwa kwa njia hii. Ufugaji wa nyuki ni kazi ya miaka mingi katika misitu ya miombo ya Kibondo na Kasulu, na watu wa huko watafurahi kusikia kazi nyingine ya mzinga. Huko Sagalla, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya, mtafiti Lucy King pamoja na wakulima walizungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humwuma kandokando ya macho na ndani ya mkonga. Tembo ana kumbukumbu. Wengi wao, wasikiapo mvumo wa nyuki, hugeuka kabla ya kuumwa. Waya ule hauna nguvu ya kumzuia tembo, maana angeukata kama uzi. Humzuia kwa kumkumbusha, na hiyo ndiyo "deter" kamili.

Lakini mbung'o wa malale ni habari nyingine. Kuanzia mwaka 1933, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika, ikawakusanya katika vijiji vikubwa vilivyofyekwa vichaka, ili kuwatenga na mbung'o. Wengi walihama kwa uchungu, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Kufyeka vichaka hakukumtisha mbung'o. Kulimwondolea kivuli na maskani. Hapo neno lifaalo ni "prevent". Vilevile watafiti wa kituo cha icipe cha Nairobi wametengeneza kola ya kufungwa shingoni mwa ng'ombe, yenye harufu iliyoigwa kwa mnyama kuro, ambaye mbung'o hampendi. Harufu hiyo humfukuza mbung'o bila yeye kupima faida na hasara, nalo neno la Kiingereza lielezalo jambo hilo vizuri ni "repel". Yaani "repel" ni ya pua na mwili, "prevent" ni ya ukuta na handaki, na "deter" ni ya moyo unaopima.

Sasa tuyatazame maneno ya Kiswahili yaliyo jirani nalo. "Kukataza" ni kwa amri: mkubwa asema usifanye, basi. "Kuonya" ni kumjulisha mtu hatari iliyo mbele, naye ana hiari ya kusikia au kutosikia. "Kukanya" na "kuasa" ni kumwambia mtu kwa upole au kwa ukali aache mwenendo mbaya, na ndani yake mna mapenzi ya mzazi au rafiki; Mwingereza akimshawishi mwenzake kwa maneno hata aghairi hutumia "dissuade". "Kukomesha" ni kulimaliza jambo ambalo limekwisha kuanza, lakini "deter" hushika mtu kabla hajaanza. "Kutisha" ni kutia hofu tu, na aliyetishwa huenda akatenda vilevile. "Kuvunja moyo" ni kumwondolea mtu matumaini, nayo hukaribia "discourage". Kila moja katika hayo limebeba kipande cha "deter", na hakuna hata moja lililobeba mzigo mzima. Kwa hiyo mfasiri mwema hatafuti neno moja la kubandika kila mahali. Husema "kumzuia kwa hofu", au "kumfanya aghairi", au "kumtia woga asithubutu", kadiri habari inavyotaka.

Mahakamani watu wetu wamechagua njia ya namna yake. Hawasemi "iwe tishio kwa wengine". Husema "iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo". Hapo lugha mbili zimetengana, na inafaa tuone zilipotengana. Mwingereza huutazama moyo wa mwizi wa kesho na kutia hofu ndani yake. Mswahili humtazama mwizi huyo kama mwanafunzi na kumpa somo. Tafsiri hii ni nzuri, lakini ina deni lake: somo lahitaji mwalimu anayesikika na wanafunzi waliopo. Hukumu isomwayo kwa lugha isiyojulikana, katika chumba chenye watu watano, mbali na kijiji ambamo kosa lilitendeka, imekuwa fundisho kwa nani? Mshitakiwa ameilipa karo ya darasa ambalo wanafunzi wake hawakuja.

Wanasheria hugawa kazi hii mara mbili, na methali zetu zilikwisha kuigawa kabla yao. Ya kwanza ni kumzuia mkosaji mwenyewe asirudie: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ya pili ni kuwazuia wale ambao hawajakosa: mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Katika methali ya kwanza hofu hutokana na jeraha la mtu mwenyewe. Katika ya pili hutokana na kuona kichwa cha mwingine chini ya wembe. Hakimu asemaye "iwe fundisho kwa wengine" asema ya pili, na hapo ndipo tahadhari yahitajiwa zaidi, kwa maana yule anyolewaye ni mmoja, na watakiwao kutia maji ni wengine. Si haki anyolewe hata kukatwa ngozi kwa sababu tu tunataka majirani waogope. Kosa lake mwenyewe ndilo liwe kipimo cha adhabu yake, na faida ya wengine ije nyuma.

Kuna methali ya tatu isemayo kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hiyo ni habari ya tishio lililoshindwa. Tanganyika huru ililijaribu jambo hili mapema. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua kiwango fulani kwa makosa kama rushwa, wizi wa mifugo na uvunjaji wa nyumba, pamoja na viboko 24 vilivyogawanywa mara mbili: 12 aingiapo gerezani na 12 kabla ya kutoka. Waliokuwa wakiitetea walitaka kila atamaniye mali ya watu aghairi. Hakimu alipunguziwa sana hiari ya kumhurumia mkosaji. Sheria hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine badala yake mwaka 1972. Rushwa na wizi wa ng'ombe havikwisha nchini, wala hakuna awezaye kuhesabu ni wangapi walioghairi.

Zaidi ya miaka 250 iliyopita, Mwitalia Cesare Beccaria alikwisha kueleza sababu katika kitabu chake cha mwaka 1764 juu ya makosa na adhabu. Alisema kwamba kinachomzuia mtu zaidi ni yakini ya kupatikana na adhabu, hata ikiwa ya wastani, kuliko ukali wa adhabu ambayo anatumaini kuiepuka. Mkulima wa Kibondo angeliafiki bila kukisoma kitabu. Mbwa mdogo abwekaye kila usiku huwafaa wenye shamba kuliko simba wa sanamu. Kijana aliye karibu kuiba hafikiri juu ya miaka ya kifungo. Hufikiri kama mtu atamwona.

Tusidhani, lakini, kwamba neno "deter" ni la wahalifu tu. Halina chuki wala upendeleo. Huwashika wema na wabaya sawasawa. Mwingereza husema kwamba mvua haikuwa "deter" kwa watu waliokwenda msikitini au kanisani, yaani haikuwafanya waghairi. Husema kwamba gharama na umbali wa safari huwa "deter" kwa mama mjamzito asiende kujifungulia zahanati. Huyu mama hakukatazwa na mtu, wala njia haikufungwa. Alipima kilomita, akapima fedha, akabaki nyumbani. Mtu asemaye tu kwamba mama huyo "amezuiwa" huficha jambo, maana msikilizaji hutafuta aliyemzuia asimwone. Na asemaye kwamba "amekataa" kwenda amemwonea. Neno lifaalo ni kwamba uzito wa safari umemvunja moyo.

Wenyeji wa Kasulu na Kibondo wana sababu nyingine ya kulifahamu neno hili. Mpaka wao na Burundi u karibu, na watu waliokimbia vita wamevuka mara nyingi: kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1993, kutoka Kongo vita vilipoanza huko mwaka 1996, na tena kutoka Burundi mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996. Ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015. Katika maandishi ya Kiingereza juu ya wakimbizi, katika nchi nyingi za dunia, utakuta "deter" ikitumika kwa sera za kuyafanya maisha ya mkimbizi kuwa magumu ili wengine wasije. Ni neno lilelile litumikalo kwa mwizi wa mahindi. Mfasiri akiandika hapo "kuwakomesha", amewafanya wakimbizi kuwa wakosaji kwa kalamu yake. Akiandika "kuwashauri wasije", ameipaka sera hiyo asali. Afadhali aseme wazi: kuwatia woga ili wasije. Msomaji ataamua mwenyewe kama jambo hilo ni jema, akikumbuka kwamba Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1964, wakataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai wake au uhuru wake u hatarini.

Na hapa twaona mpaka wa nguvu ya neno letu. Aghairiye hupima. Mwizi hupima mahindi na kifungo, tembo hupima mahindi na nyuki. Lakini mwanamke avukaye mpaka usiku, mtoto mgongoni, na nyuma yake nyumba inawaka, hana mizani ya kushika. Hofu iliyo nyuma yake imekwisha kuizidi hofu yoyote iwezayo kuwekwa mbele. Mfa maji haachi kutapatapa. Tishio humgeuza tu yule aliye na mahali pa kurudi.

Yamebaki mambo machache ya sarufi. Kitenzi "deter" hushika mtu au kiumbe, kisha hufuatwa na "from", na baada yake jina la tendo. Hivyo husemwa "deter thieves from stealing", yaani kuwafanya wezi waghairi kuiba. Haisemwi "deter thieves to steal". Wengine hutaja tendo peke yake, kama "deter crime", na hapo maana ni kuwafanya watu wasithubutu kutenda makosa. Katika wakati uliopita herufi ya mwisho hurudiwa: "deterred". Kitu kizuiacho kwa hofu huitwa "deterrent". Basi mbwa, mzinga na kifungo vyote vyaweza kuitwa hivyo. Asiyevunjika moyo kwa vitisho huitwa "undeterred". Na msomaji aangalie asichanganye "deter" na "defer", ambayo ni kuahirisha, wala "detain", ambayo ni kumweka mtu kizuizini. Mtu aliyewekwa kizuizini hana hiari tena, na mahali ambapo hiari imekwisha, "deter" nayo imekwisha.

Kwa hiyo, ukikutana na neno hili katika hukumu, katika gazeti au katika barua ya ofisi, jiulize maswali matatu kabla ya kulifasiri. Ni nani anayetakiwa kughairi? Aogope nini? Na je, habari ya kitisho hicho imemfikia, naye ana njia ya kurudi? Ukiyajibu matatu hayo, tafsiri itakuja yenyewe, iwe ni kumtia woga, kumvunja moyo au kumpa fundisho. Na ukiona kwamba swali la tatu halina jibu, utakuwa umegundua zaidi ya kosa la tafsiri: kwamba kuna mtu anayeadhibiwa au kuteswa kwa ajili ya wengine, na wengine hao hawana habari.